Kigoda Juu ya Kichuguu

Mume wangu, Liévin Mwaba, alizikwa na kipofu, na kipofu huyo alimtukana mpaka kaburi likajaa. "Lala, wee vumbi," alimwambia. "Siku zote ulikuwa unaningojea. Kunywa sasa." Akamimina kibuyu kizima cha maji juu ya udongo mbichi. Majirani waliotoka mikoa ya mbali walikunja nyuso, na mmoja akaninong'oneza kama amtoe mzee yule kwa nguvu. Aka! Mimi nilikuwa nacheka huku machozi yananishuka. Kwetu mtu huzikwa na mtani wake, na mtani asiyetukana msibani ni mtani wa nini?

Ilikuwa mwaka 1957. Kisa chenyewe kilianza miaka tisa nyuma, na mimi nimo ndani yake, tena si mahali pa kujisifu. Nitasema yote. Sina tena umri wa kuficha mambo.

Liévin alizaliwa upande wa Kasomeno, akaja Elisabethville angali kijana, akawa mtunza bustani kwa jaji mmoja mzungu. Mimi ni Hortense, ila cité nzima, mtaa wetu sisi Waafrika, iliniita Mama Clément, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Liévin alikuwa mpole mpaka anakera. Ungemgombeza asubuhi, angekujibu jioni, na jibu lenyewe lilikuwa "Mm." Maneno yake mazuri aliyapeleka kwa maua, mimi nilichokuwa naletewa ni suruali zenye matope magotini. Lakini kwa kazi, hakuna aliyemfikia. Wazungu huchora bustani kwenye karatasi. Yeye alichora kwa kamba na vijiti. Anapigilia kijiti, anarudi nyuma, anafumba jicho moja, anakisogeza upana wa kidole, anarudi tena nyuma. Siku nzima hivyo hivyo! Ungedhani anatega ndege.

Kila Jumamosi mke wa jaji alimtuma apeleke maua ya altare kwa masela, yaani watawa, waliokuwa na nyumba yao kwenye njia ya Kasenga, ile ya malori ya samaki. Humo waliishi watu wazima kumi na wawili wenye ulemavu: vipofu, waliopooza, waliokatika mkono au mguu. Aliyewatunza alikuwa Masela Wivine, kijana bado, mrefu kama mlingoti. Mwezi wa Machi 1948 alimpeleka Liévin nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja kitupu chenye kichuguu kikubwa katikati, cha kumfika mtu kifuani.

"Nataka bustani hapa," alisema. "Hapana ya shiye masela. Ya bao. Bako ndani siku zote, sawa mizigo ku gare ya treni."

Kisha akamwonyesha mtu mmoja kupitia dirishani. Mtu huyo alikuwa ameketi kwenye kigoda, uso wake ukutani, karibu sana, kama anayesikiliza kitu ndani ya matofali. Aliitwa Adalbert Kunda. Alikuwa mtoboaji miamba mgodini mpaka siku baruti ilipochelewa kulipuka, ikalipuka yeye anaikagua. Mkewe alikuwa amerudi na watoto kwao Kilwa, si ile ya pwani, hii ya kwetu ya ziwani. Kigoda kile alikuwa amekichonga mwenyewe huko Kilwa, kwa mti wa mulombwa, zamani alipokuwa na macho. Kati ya vitu vyake vya zamani kilibaki hicho tu. Alikuwa amekikalia miaka miwili, uso ukutani.

"Yule," alisema Masela Wivine, "kama hatoke, atakufa pale pale ku ukuta. Mi najua. Nilishaona bengine."

Liévin akajibu "Mm." Lakini jioni ile alinisimulia habari ya kigoda mara tatu, mtu ambaye hakuwa na desturi ya kusimulia hata mara moja.

Alifanya kazi Jumamosi alasiri na Jumapili baada ya misa, miezi miwili. Nisiwe mnyimi: ilikuwa bustani nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Maua ya kana, mekundu, yenye majani mapana kama sinia, yamesimama safu kwa safu. Mbele yake dalia za manjano, na kila tuta limezungushiwa matofali yaliyopakwa chokaa. Masela walitaka kichuguu kibomolewe kifyatuliwe matofali. Liévin akasema hakijamkosea mtu, akakiacha.

Sikukuu ya Pentekoste wakatolewa nje wote. Masela walipiga makofi, mimi nilipiga vigelegele. Kati ya wenyewe, wa kwanza kusema alikuwa Agnès Bwalya, mwanamke aliyepooza miguu tangu utoto, aliyejisukuma kwa mikono juu ya kibao chenye vigurudumu vya chuma. Huyo alikuwa na ulimi!

"Maua iko muzuri," alisema. "Lakini toka hapa chini mi naona miguu yake tu. Na mambo ya miguu, nilishachoka nayo."

Kunda alishikwa mikono miwili mpaka mbele ya kana. Akanyoosha kiganja chake hewani, akakizungusha, hakikugusa kitu. Liévin alikuwa ameacha nafasi nzuri kati ya njia na maua, ili mtu aone vizuri.

"Iko nini hapa?" akauliza Kunda.

"Maua," akasema Liévin. "Nyekundu."

"Nyekundu inasema nini?"

Mimi niliangalia vidole vya miguu yangu.

"Munirudishe ku ukuta," akasema. "Ukuta, mi naujua."

Hapo Mamère Mkubwa, mkuu wa masela wote wa pale, akasema neno lake. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amekula njaa ya vita kwao Ulaya, na tangu hapo kila kiwanja alikiona kama sahani. Alisema maua hayaliwi. Kama mpaka mvua ya kwanza hakuna hata mmoja anayetoka kwenda bustanini kwa kupenda kwake, yeye atang'oa kila kitu apande mahindi. Ilikuwa Mei, na mvua kwetu huanza mwishoni mwa Oktoba. Liévin alihesabu kwa vidole, midomo yake ikicheza.

Usiku ule hakugusa bukari yangu, yaani ugali. Nikawaka.

"Bukari yangu ilikukosea nini? Ni mimi niliyepanda maua ya rangi kwa vipofu?" Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikamfunga macho, nikakaza fundo mpaka akalia. "Haya, Baba Clément! Kesho asubuhi utatoka hivyo hivyo mpaka kwenye bomba. Ukifika, utajua nyekundu inasema nini!"

Nilisema kwa hasira tu, wallahi. Lakini mtu yule alifanya! Kulipokucha alitoka, kitambaa changu cha maua machoni, mikono mbele, akaenda bombani na ndoo. Wanawake kwenye foleni walicheka mpaka wakashika mbavu. Alirudi na uvimbe kwenye paji la uso, maji yamebaki nusu ndoo, na anatabasamu. Akasema maneno mengi kuliko mwaka mzima. Kwamba kwa Mama Ngosa kunanuka samaki mkavu, kwa hiyo pua ilimwambia akunje kushoto. Kwamba miguu ilijua mtaro kabla yake, maana udongo ulikuwa baridi. Kwamba ukuta uliopigwa na jua huusikia shavuni kabla hujaugusa. "Njia inasema, Mama Clément," aliniambia. "Inasema yote. Ni mimi niliyekuwa kiziwi."

Jumamosi akaenda kumwuliza Kunda anataka bustani ya namna gani. Kunda hakugeuka. Liévin akaketi sakafuni kando yake. Hiyo ndiyo kazi aliyoiweza zaidi ya bustani, kukaa kimya. Muda mrefu ukapita, mpaka Kunda akashindwa.

"Weye ni wa mukowa gani?"

Mukowa ni ukoo. Kwetu kila mtu ana ukoo wa mama yake, na kila ukoo una watani wake. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya watu, kukunyang'anya kitu chako mkononi, na siku ya mwisho kukuzika. Ukimkasirikia, mwenye makosa ni wewe.

"Wa Udongo," akasema Liévin.

Kunda akageuza kichwa chake, na masela mmoja aliyekuwa mlangoni akashika msalaba wake, maana alikuwa hajawahi kumwona akimgeukia mtu.

"Udongo! Aka! Njo maana humu ndani mulianza kunuka vumbi. Miye ni wa Mvua. Bila miye uko vumbi tu, upepo inakubeba kila fasi."

"Na weye bila miye," akajibu mume wangu, yule mpole, yule wa "Mm", "ungeanguka ku nani? Ungeanguka bule!"

Kunda akacheka. Agnès aliniambia baadaye kwamba hakukijua kicheko hicho. Alidhani ni mtu anayekabwa na mfupa.

Basi bustani ile ya pili ilitengenezwa kwa matusi. Liévin alipanda mchaichai, kivumbasi na ndimu kwenye tuta moja, akamletea Kunda majani ya kunusa. Kunda akamwambia ana akili za jongoo, bustani yake inanuka kama soko, nani atajua amefika wapi kama kila fasi ni harufu moja? Liévin akaondoka akigunaguna, akavitenganisha: mchaichai penye mlango, kivumbasi penye kona, mndimu mwisho wa njia. Kunda akamwambia njia iliyonyooka ni ya askari. Liévin akaipinda, ipite polepole. Agnès akajengewa tuta la matofali la kumfika kifuani akiwa kwenye kibao chake, akapanda lengalenga, yaani mchicha, na pilipili, na mtu yeyote aliyezigusa bila ruhusa alisikia jina la mama yake.

Na njia yenyewe sasa! Toka mlangoni, hatua kumi na tano za mawe meusi ya tanuru la shaba, yale makapi yanayomwagwa mlima mzima karibu na bomba la moshi. Sisi tuliyaita mavi ya shaba. Masela Wivine alijifunza jina hilo kwa Agnès, akalitumia mbele ya padri, tukapata sikukuu ya bure. Mawe hayo yanalia chini ya mguu, krwa, krwa. Baada yake, maganda ya karanga, laini, penye kupinda. Halafu vigae vya vyungu, kisha udongo mtupu wa kichuguu. Liévin alikuwa amekikata ngazi tatu na kukilainisha mgongo, maana asubuhi za Juni, baridi inapouma, kichuguu huwahi kushika jua. Ukikiegemea unapata joto kama la ng'ombe aliyelala. Zile kana nyekundu aliziacha kando ya njia. Nilimwuliza za nini. Akasema hana moyo wa kuzing'oa.

Wengine walianza kutoka, lakini kwa kushikwa mkono na masela, kama watoto wa shule. Hilo Mamère Mkubwa hakulihesabu. Kunda alikataa hata hivyo. "Mi sishikwe mukono," alisema. "Mi si mbuzi."

Mwezi wa Agosti Agnès alinivuta sketi. "Mama Clément, nyamaza, usimuambie muntu. Kila asubuhi, mbele ya kengele ya misa, nasikia krwa, krwa."

"Nani?"

"Unauliza? Ni Mvua. Anafika mpaka ku maganda, anarudia. Jana alifika ku vigae."

Alikuwa anatoka peke yake, alfajiri, kwa siri, ili akianguka asionekane. Tukaapa wote kukaa kimya. Masela Wivine alisikia naye, akawa anajifunika blanketi kichwani kila alfajiri ili asishawishike kuchungulia. Liévin, nilipomwambia, alikwenda uani akakaa huko muda. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Sikuwa nimewasha moto.

Sasa nasema langu.

Jumamosi moja ya Septemba Mamère Mkubwa alikuwa anategemea wageni siku ya pili. Liévin alikuwa kwa jaji, kuna karamu huko. Nikasema ngoja nimsaidie mume wangu, nikaenda na ufagio wangu. Mnajua mwanamke wa kwetu anavyopimwa. Kabla watu hawajakuuliza jina wanaangalia uwanja wako, kama una mistari ya ufagio au una majani. Mama yangu alinichapa kwa ganda moja la ndizi. Nami nikaona nini kule? Maganda ya karanga yametapakaa njiani! Vigae! Mawe meusi yametawanyika mpaka kwenye nyasi! Nikaona aibu kwa niaba ya mume wangu. Nilijua njia ile ina maana yake, nilikuwa nimeambiwa, lakini mkono ukishika ufagio kichwa hakiulizwi. Nilifagia kila kitu. Mawe meusi niliyakusanya kwa reki nikayapanga chungu nzuri kando ya ukuta. Nilipomaliza, uwanja ule ulikuwa na mistari kama kichwa kilichosukwa. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Jumapili alfajiri Kunda akatoka. Hakusikia krwa. Akadhani bado yupo karibu na mlango, akaenda, akaenda, akatafuta maganda kwa mguu, hakuna. Akaingia kwenye kana, akageuka vibaya, akatumbukia kwenye shimo la mbolea mpaka kiunoni. Wageni wa Mamère Mkubwa, waliokuwa wamewahi kwa ajili ya misa, ndio waliomsikia. Mmoja alicheka kabla hajajua ni nini. Kunda alikisikia kicheko hicho.

"Mulihamisha njia," alisema alipotolewa. "Mulingoja nizoee, mukaihamisha, municheke." Akanawishwa, akarudi kwenye kigoda chake, uso ukutani.

Liévin alipojua hakunipigia kelele. Alikaa kitandani, mikono kati ya magoti. "Mama Clément," aliniambia, "umefagia macho yake."

Nilimrukia! Nikamwambia nyani haoni kundule, yeye aliyepandia vipofu rangi, leo ananihukumu mimi kwa usafi? Nilisema mengi. Nikachoka kusema, nikabaki na lile neno lake tu, nikalia mpaka kope zikavimba.

Jumatatu nilikwenda sokoni kwa wauza karanga, nikaomba maganda yao yote. Nilibeba gunia kichwani. Mawe meusi na vigae nilivirudisha kwa karai, kiganja kwa kiganja. Nikajifunga macho kwa kitambaa kile kile, nikaipanga njia nikiwa nimepiga magoti, sikufungua mpaka nilipokigusa kichuguu kwa kipaji cha uso. Ilinichukua siku tatu na ngozi ya magoti yote mawili. Halafu nikaenda kwa Kunda kuomba msamaha. Siku zote aliniita "bibi yangu", yaani mkewe, kwa kuwa mke wa mtani ni wako pia, nami nilikuwa namjibu kwamba bibi yake ni ukuta.

"Baba Kunda," nikasema, "ni mimi niliyefagia. Nisamehe. Nimeirudisha njia yako."

"Asante, mama," akasema.

Asante, mama! Heri angenitemea mate. Mtani akikuheshimu, amekufukuza. Liévin naye alikwenda, akamtukana vizuri kabisa, matusi ya kuchagua, na Kunda akamjibu "Bonjour, bwana." Mume wangu alitoka mle amenyauka. Wiki tatu zikapita hivyo. Oktoba ikaja na joto lake, mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Luano kila alasiri na kutawanyika. Mamère Mkubwa akaagiza mbegu.

Jumamosi moja Kunda alipokuwa anaoshwa, Liévin aliingia, akachukua kigoda, akatoka nacho. Akakiweka juu ya kichuguu. Kisha akarudi mlangoni akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Nimenyang'anya kigoda ya muntu wa Mvua. Akiitaka, aifuate kule nyuma, ku kichuguu. Yeye mwenyewe."

Masela Wivine akamaka. Kumpokonya kipofu kiti chake! Alitaka kukirudisha mara moja. Agnès akamziba njia kwa kibao chake. "Masela, acha. Ile ni mambo ya batani. Ukimurudishia weye, unamuua."

Wiki mbili Kunda alikaa ukingoni mwa kitanda, hana cha kukalia mbele ya ukuta. Hakukifuata. Hakuuliza pia. Liévin alikuwa anakonda. "Na kama nimekosea?" aliniuliza gizani. Nikamfunika blanketi mpaka mabegani.

Jumamosi tarehe thelathini ya Oktoba, alasiri, tulikuwa sote kwenye baraza la nyuma. Mamère Mkubwa alikuja na kikapu cha mahindi ya mbegu na majembe mawili. Alikuwa amekunja mikono ya kanzu. Kunda alikuwa ameletwa barazani pamoja na wenzake, kwa sababu ndani kulikuwa na joto la tanuru. Mara upepo ukageuka. Harufu ikaja kwanza, ile ya mvua inayonyesha mahali pengine, kisha tone moja likapiga bati.

Kunda akainua uso.

Tone la pili. La tatu. Masela wakakimbilia shuka kwenye kamba. Kunda akasimama wima.

"Kigoda yangu!" akapiga kelele. "Ile mujinga wa Udongo! Ataniachia mulombwa yangu mu mvua? Itapasuka!"

Akashuka ngazi ya baraza. Masela Wivine alitupa shuka ili amfuate. Nikamkamata mkono wa kanzu kwa mikono yangu yote miwili. Sijui nilimwambia nini. Krwa, krwa, krwa. Kunda alikuwa anakwenda kwa haraka, mtu mwenye hasira. Alifika penye kupinda, na hapo mvua ikaachia yote kwa pamoja, kama inavyofanya kwetu mara ya kwanza, na hatukusikia tena mguu wake. Naye hakusikia. Akasimama.

Nilijua anachotafuta. Nikawaza, Hortense, akirudi sasa ni wewe, akianguka ni wewe. Alikuwa anageuza kichwa polepole, kulia, kushoto. Mvua ilikuwa inapiga kana, yale majani mapana, safu nzima, boboboboo, kama ngoma ndogo nyingi. Kwenye mchaichai ilikuwa inanong'ona. Kwenye vigae vya mbele ilikuwa inalia kwa sauti nyembamba. Kunda alinyoosha kiganja chake kuelekea kana, na mara hii hakukizungusha hewani. Alikipeleka moja kwa moja mpaka kwenye jani.

"Hii njo ile nyekundu!" alisema kwa nguvu. "Liévin! Sasa nasikia vile inasema!"

Kisha akaenda, maganda, vigae, ngazi tatu, akakipata kigoda chake. Hakukirudisha barazani. Alikiweka sawa juu ya kichuguu, akakaa, maji yanamwagika kichwani na mabegani.

"Wee Udongo!" akaita. "Uko wapi? Nilikuambia, bila miye uko vumbi tu!"

Mume wangu alikuwa tayari ameshuka ngazi, amesimama kwenye mvua bila kofia, analia wazi wazi mbele ya masela. "Na weye ulikuwa unaanguka bule!" alijibu, sauti imekatika. "Miaka mbili bule! Leo umeanguka ku miye!"

"Na bibi yangu iko wapi?" akauliza Kunda. "Ile wa ufagio?"

"Niko hapa, kichwa cha ukuta!" nikalia, nikicheka.

Mamère Mkubwa alikuwa bado amesimama na kikapu chake. Mahindi yalikuwa yanalowana, wala hakuyafunika. Muda mrefu alimwangalia mtu yule juu ya kichuguu, aliyekuwa anageuza uso upande huu na upande ule.

"Atapata homa," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo. "Nani atamuleta ndani?"

Nikamtwaa kikapu mkononi, kwa adabu, nikakiweka chini.

"Mumuache kwanza, Mamère," nikasema. "Iko anaangalia maua."